Nyuma ya Karatasi Thelathini na Moja

Shangazi wa Safu,

Pokea salamu zangu na heshima zako. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema huyu naye kakosa kazi, maana shida yangu si mume wala mchumba wala mawifi, shida yangu ni karatasi thelathini na moja nilizozifungia kabatini, na tangu Jumanne ya wiki iliyopita nimekuwa mtu wa kuitwa mara tatu ndipo naitika, na mficha uchi hazai, kwa hiyo nakuvulia yote.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, nasomea habari, si kuziandika bali kuzichunguza, yaani kujua kwa nini gazeti siku fulani liliweka hii likaacha ile, nani aliamua, na alikuwa anaangalia nini alipoamua. Kazi yenyewe ukiiona utacheka. Nakaa maktaba na magazeti ya zamani, napima kila habari kwa rula, naandika ina sentimita ngapi, iko ukurasa wa ngapi, juu au chini, ina picha au haina, kisha naipa namba kulingana na aina yake, na nimefanya hivyo kwa habari elfu nne na mia mbili mpaka siku hizi nikiona tangazo ukutani mkono wenyewe unatafuta rula. Na kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuona anachotaka kuona, sheria ya kazi hii inataka mtu wa pili apime baadhi ya habari zilezile bila kuangalia majibu yako, halafu mlinganishe, na mtu wangu wa pili ni dada mmoja tunayesoma naye ambaye darasa zima tunamwita Bi Hakika, kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje kwanza.

Gazeti ninalolichunguza ni lile alilofanyia kazi mjomba wangu, kaka yake marehemu mama. Alikuwa mhariri wa habari miaka ishirini na miwili, mtu wa kuamua kipi kiingie na kipi kibaki nje, na ndiye aliyenilea. Wazazi wangu walikufa siku moja, basi moja, kwenye kona ya mlimani kabla hujafika darajani, nikiwa na miaka sita. Mjomba alikuja kunichukua kofia ikiwa mkononi, hana mke, hana mtoto, hajui hata kusuka nywele, na Shangazi, alijifunza, kwa miezi kadhaa nilikwenda shule na mistari kichwani imepinda watoto wananicheka, naye ananiambia, "Subiri, wiki ijayo itanyooka," na kweli ikanyooka.

Sasa nilipomwambia nataka kuchunguza gazeti lake alicheka akasema, "Utasoma yaliyochapwa tu? Hiyo nusu ya kazi, binti. Yaliyochapwa kila mtu anayajua." Akanipeleka stoo akanionyesha maboksi kumi na manne. Zamani waandishi wa nje ya mji walikuwa wanapiga simu, mtu wa mapokezi anazipiga habari zao kwa mashine kwenye nusu karatasi, zinaletwa mezani kwa mjomba, na ile asiyoitaka anaipiga alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, anaichoma kwenye msumari uliosimama mezani. Wahariri wengine jioni walitupa. Yeye alizichomoa, akazifunga kwa uzi, akaandika tarehe, akaenda nazo nyumbani. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Niliyemkatalia leo anaweza kuja kunidai kesho. Lazima nijue nilimjibu nini."

Shangazi, wenzangu duniani wanalilia kitu kama hicho! Nilizibeba maktaba zikapitishwa kwenye mashine ya kunakili, ambayo inachukua upande mmoja tu, nami sikuona tabu, maandishi yapo mbele, msalaba upo mbele, nyuma kuna nini. Nikafanya kazi kwa nakala. Na humo nikakutana na ajabu: kwa miaka minne na miezi mitano, habari thelathini na moja za ajali za mabasi zililetwa mezani kwa mjomba, na zote thelathini na moja zikapigwa msalaba. Hakuna hata moja iliyopita. Magazeti mengine mawili ya wakati ule yalizichapa. Yake, ambalo ndilo lililokuwa linasomwa kuliko yote, kimya. Nikatafuta sababu, nikaona kampuni za mabasi zilikuwa na tangazo la nusu ukurasa kila wiki, nikasema basi, nimekamata, nikazipa zote namba tatu, ambayo maana yake ni "kuwaogopa wenye matangazo," nikaandika sura nzima ya nne, nikaisoma mbele ya walimu na wanafunzi, nikaitaja na kampuni moja, watu wakapiga makofi, msimamizi wangu akasema huu ndio utafiti. Niliumia kidogo kwa ajili ya mjomba, lakini nilijiambia sayansi haina mjomba.

Bi Hakika akagoma. Akaniuliza, "Umejuaje ni matangazo? Karatasi imekwambia?" Nikamwambia mazingira yanaonyesha. Akasema yeye hapimi mazingira, nilete karatasi zenyewe. Jumanne nikamfungulia boksi kwenye meza ya maktaba, saa nne asubuhi, akachukua ya kwanza, akaipindua. Akachukua ya pili, akaipindua. Akainua macho akaniuliza, "Huyu mtoto ni nani?"

Nyuma ya karatasi, kwa penseli, kwa ule mwandiko mdogo wa mjomba ulionisainia ripoti zote za shule, imeandikwa: "Mtoto anasoma siku hizi." Ya pili: "Mtoto." Nyingine: "Ni kona ile ile. Mtoto." Nyingine: "Magazeti mengine yataiweka. Hayaingii nyumbani." Na moja, Shangazi, hii siwezi kuiandika bila kusimama kidogo: "Wamekufa sita. Mungu anisamehe. Mtoto."

Mtoto ni mimi. Nilijifunza kusoma kwa gazeti lile, nimelala kifudifudi sakafuni, mjomba anakunywa chai. Karatasi ya kwanza ina tarehe ya mwezi wa tatu tangu nihamie kwake. Ya mwisho ni ya wiki niliyokwenda shule ya bweni.

Nimepima habari elfu nne na mia mbili, nimesoma vitabu vya wataalamu vinavyosema habari huchaguliwa kwa ukubwa wa tukio, kwa ukaribu, kwa woga wa serikali, kwa woga wa wenye mali, na sikusoma popote kwamba maelfu ya watu, wauza duka na mahakimu na madaktari, kwa miaka minne waliamka asubuhi wakasoma dunia iliyopunguzwa ili binti mmoja wa miaka sita asiione kona. Sijawahi kujua nilipendwa kiasi hicho, na sijawahi kuogopa kitu kiasi hicho, kwa sababu Bi Hakika hakuishia hapo, alichukua magazeti ya baada ya mimi kwenda bweni, akayafungua mbele yangu. Wiki ya pili tu, ukurasa wa kwanza, kona ya mlimani, na picha kubwa ya basi. Mwezi uliofuata tena. Kurasa za kwanza tano kwa msimu mmoja. Na mwezi wa nane tangu niondoke, kingo za chuma zikajengwa kwenye ile kona, zipo mpaka leo. Katika zile thelathini na moja, saba ni za kona hiyo. Waliokufa kwenye hizo saba ni watu ishirini na sita.

Natakiwa kuwasilisha tasnifu baada ya wiki tatu. Msimamizi nilimweleza nusu nusu, akasema niandike "sababu binafsi za mhariri" nisonge mbele. Bi Hakika anasema bila kuandika yote hatatia sahihi yake. Mjomba ana miaka sabini na mitatu, amepeleka koti kwa fundi cherehani lipunguzwe mabega aje kunisikiliza siku ya utetezi, na kila jioni ananiuliza, "Tumefika boksi la ngapi?" nami namjibu namba ya uongo. Nikiandika, nitamvua nguo mbele ya watu waliokuwa wanafunzi wake wa kazi pale gazetini. Nisipoandika, nitakuwa nimefanya nini miaka yote hii? Na wale ishirini na sita, Shangazi, walikufa ili mimi nisisome? Niambie nifanye nini, nitafanya.

Ni mimi,
Mpima Safu

*

Mpima Safu mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, mara ya tatu nikamwita mpiga picha wa hapa ofisini nikamsomea kwa sauti, na yule bwana ana maneno kama redio, lakini aliichukua tu akajisomea mwenyewe. Nimekaa kwenye magazeti miaka kumi na tisa. Nimeona habari ikiuawa kwa simu moja kutoka juu, nimeona ikiuawa kwa sababu mhariri ana njaa, nimeona ikiuawa kwa sababu picha yake ilikuwa na ukungu. Hii yako sijawahi kuiona wala kuisikia. Uchungu wa mwana tunauimba kila siku, lakini wa kuufanyia hesabu ya sentimita za safu ni wewe wa kwanza. Nilitoka nje nikasimama kidogo kwenye veranda, ndipo nikarudi kukuandikia.

Sasa nikugombeze, maana umekuja kwangu na sikuchekei.

Umenililia kurasa saba kwa ajili ya mjomba wako, na hao wenye mabasi umewapa mstari mmoja. Uliitaja kampuni ya watu mbele ya ukumbi, ukasema walinunua ukimya, ukapigiwa makofi, kumbe hawakununua chochote! Hawakujua hata kama kuna ukimya. Na ulifikaje hapo? Kwa uvivu wa kupindua karatasi. Binti mzima, shahada ya pili, unanakili upande mmoja unasema "nyuma kuna nini." Ndiyo nakusema, na Bi Hakika mpe mkono kwa niaba yangu, rafiki wa namna hiyo haokotwi. Kabla ya jambo lolote lingine, utarudi ukumbi uleule, mbele ya watu walewale, useme: sura ya nne ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Utaona aibu dakika kumi. Aibu haijawahi kuua mtu.

La pili. Hilo swali lako la mwisho, kwamba watu ishirini na sita walikufa ili wewe usisome, litoe kichwani mwako leo hii. Mtoto wa miaka sita hahariri gazeti. Ulikuwa sakafuni unaunganisha herufi. Aliyeshika kalamu nyekundu alikuwa mtu mzima, alijua anachofanya, na aliandika mwenyewe kwamba anajua. Basi usimnyang'anye mjomba wako uamuzi wake ukajibebesha wewe, hiyo ni dharau ingawa wewe unaiona huruma. Lakini sitakudanganya nikakwambia haikuwa kitu. Unaniambia magazeti mengine mawili yalichapa na kona ikabaki vilevile, halafu la kwake lilipofungua mdomo kingo zikajengwa ndani ya miezi minane. Siwezi kusema wale watu wangekuwa hai. Wala wewe huwezi kusema, hata uwe na rula ya kilomita. Lakini inawezekana, na hilo neno "inawezekana" utaishi nalo, na yeye ameishi nalo muda mrefu kuliko wewe.

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mtu anayetaka kuficha kitu, huchoma moto. Mjomba wako alikuwa na kiberiti, alikuwa na miaka ishirini na zaidi, na stoo ni yake. Hakuchoma. Alizifunga kwa uzi, akaweka tarehe. Halafu siku ulipomwambia unachunguza gazeti lake, ni yeye aliyekwambia yaliyochapwa ni nusu ya kazi. Ni yeye aliyekushika mkono mpaka stoo. Unafikiri mhariri wa miaka ishirini na miwili amesahau alichoandika nyuma ya karatasi? Anakuuliza kila jioni mmefika boksi la ngapi, nawe unamdanganya namba! Mwanangu, mzee wa watu anasubiri. Wewe unadhani unamlinda, na unachofanya ni kumsimamisha mlangoni kwake mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, si jioni akiwa amechoka, nenda kwake peke yako. Kinasa sauti kiache nyumbani, na daftari vilevile. Chukua karatasi moja, ile ya watu sita, iweke mezani, upande wa penseli ukiwa juu. Usimuulize kwa nini, sababu imeshaandikwa. Muulize alikuwa analalaje. Kisha nyamaza, na ukiona naye amenyamaza usiharakishe kuokoa mazungumzo kama tunavyofanya sisi wanawake. Akilia, mwache alie. Akikwambia angerudia tena vilevile, usimhukumu mezani pake. Na akikuuliza kama ungependa angezichapa, jibu la kweli unalijua wewe, sijui mimi, lakini usimpe la kumfurahisha, maana ni mtu wa habari, atalijua.

Mshukuru pia. Nimeisoma barua yako mara tatu na sijaona mahali ulipomshukuru. Unaweza kumshukuru mtu kwa jambo ambalo hukubaliani nalo, moyo una nafasi ya vyote viwili.

Ukishatoka hapo, usimwombe ruhusa ya kuandika. Ukimwomba unampa tena kalamu nyekundu, na safari hii mnashirikiana. Mwambie utaandika, na umwambie una nafasi katika tasnifu ya maneno yake mwenyewe, ukurasa mmoja au kumi, bila kukatwa neno. Wanafunzi wake wa zamani watasema nini? Wengine watanuna. Wengine watakwenda kufungua makabati yao, na hao ndio ninaowataka mimi.

Kuhusu msimamizi wako na hizo "sababu binafsi za mhariri," mwambie kwa adabu zote kwamba hilo ni blanketi, na chini yake kuna watu. Ukikubali neno hilo wewe nawe utakuwa umeweka msumari mezani. Omba muda zaidi, wiki tatu hazitoshi kuandika upya sura ya nne, na chuo hakitabomoka. Ukurasa wa kwanza kabisa andika wewe ni nani: mtoto anayetajwa kwenye data ni mtafiti. Wakaguzi wakisema huwezi kuchunguza jambo linalokuhusu, waachie wao wakwambie, usijihukumu kabla ya hakimu kukaa. Na lile koti ulipitie kwa fundi likiwa tayari, mjomba alivae aje, akae kiti cha mbele.

Nakuonya pia kwamba nami nimefanya kazi hiyohiyo kwenye barua yako. Ilikuwa na kurasa saba, nimechapa chini ya nusu. Nimeacha habari za mwenye nyumba wako na nimeacha yale uliyosema kuhusu mama, kwa sababu niliona ni yako. Na juma hili zilikuja barua hamsini na nne, nikachagua ya kwako. Wengine hamsini na watatu wananisubiri na sina cha kuwaambia, ila kwamba sikuzitupa barua zao.

La mwisho, na hili ndilo lililonifanya nitoke nje. Umenipa sentimita, umenipa tarehe, umenipa saba katika thelathini na moja, ishirini na sita kwenye saba. Hukunipa jina hata moja. Yule mwandishi wa nje ya mji alisimama kwenye kona ile, akauliza majina mmoja mmoja, akatafuta simu, akayasoma taratibu ili mpiga mashine asikosee. Kisha yakachomwa msumari. Tangu hapo wameyaona kwenye karatasi hizo watu watatu tu: mjomba wako, Bi Hakika na wewe, na nyote watatu mlikuwa mnatafuta mtoto.

Zichukue zote thelathini na moja, uziweke mwishoni mwa tasnifu yako, neno kwa neno kama zilivyopigwa siku ile, na majina yote ya marehemu na vijiji walivyotoka. Mbele na nyuma. Kisha mpelekee mhariri wa gazeti lile wa sasa nakala, umwambie ni habari zilizochelewa.

Shangazi wa Safu